Uholanzi Wakifungwa, Nani Atapika Chai?

Baba Salma,

Hujambo? Nauliza kwa sababu nililelewa na watu wenye adabu, si kwamba nina hamu ya jibu. Sisi hapa Birmingham hatujambo. Mvua inanyesha, lifti ya jengo imeharibika tena, na mtoto wako amekua hadi anavaa viatu vyangu bila kuniomba.

Barua hii naiandika waziwazi, kila mwenye macho aisome, maana wewe nawe maneno yako umeyaanika waziwazi. Kutoka Rotterdam hadi migahawa ya Balsall Heath hapa Birmingham watu wanaambiana kwamba Mama Salma amemficha mtoto, hataki baba yake amwone. Mimi niliyapata nikiwa kwenye foleni ya nyama, kwa mke wa binamu yako, ananionea huruma huku anachungulia kikapu changu. Nilinyamaza siku ile. Sasa nimechoka kunyamaza, na nitasema nawe kwa lugha unayoielewa, yaani mpira. Tena si mpira wote. Uingereza na Uholanzi tu.

Unakumbuka ulivyonifundisha historia yao? Tulikuwa wachumba, tumekaa sebuleni kwa mjomba wangu, yeye kajifanya anasoma gazeti ili atulinde. Ukaanza na Rotterdam. Ulikuwa mtoto wa miaka kumi, mmetoka kambi ya wakimbizi Mombasa, wewe na mama yako, na koti ulilopewa linakufika magotini. Hujui hata neno moja la Kiholanzi. Jioni moja mtaa mzima ukapiga kelele, ukadhani vita vimewafuata. Kumbe Uholanzi wamewafunga Waingereza mbili kwa bila. Jirani ambaye hakuwahi kuwasalimu akakunyanyua juu juu pale kwenye ngazi, akakuzungusha. "Siku ile ndiyo niliyofika Uholanzi," uliniambia. "Kabla ya hapo nilikuwa nimeshuka ndege tu."

Nilikupenda kwa maneno hayo, Baba Salma. Naandika hivyo na mkono unaona aibu. Mimi mtoto wa Eastleigh, Nairobi, nimeletwa Uingereza na mjomba, nilijua vizuri mtu anavyoweza kushuka ndege asifike. Basi nikajitia ujuzi, nikakuuliza, na ile ya Wembley je, walipokufungeni nne kwa moja? Mjomba wangu mshabiki wa Uingereza akacheka nyuma ya gazeti. Wewe hukutikisika. Ukaondoa punje ya wali kwenye shati, ukasema, "Ile haihesabiwi. Siku ile timu haikuwa timu."

Nilicheka hadi mbavu zikaniuma. Laiti ningejua nacheka nini.

Tukafunga ndoa sebuleni pale pale. Shehe, mjomba, mashahidi, tende na halua, na wanawake wamebanana jikoni wanapiga vigelegele kupitia dirisha la kutolea sahani. Nilipotaja kwenda kuandikisha ndoa serikalini, mjomba alisema ndoa ni mbele ya Mungu, karatasi ni ya Wazungu. Wewe ukasema, "Tutakwenda baadaye, tuna haraka gani?" Nikaona kweli, tuna haraka gani.

Baridi ya mwaka ule Uholanzi wakaja kucheza hapa hapa mjini, kule Aston. Tiketi hatukupata. Ukasema twende tu, tukasimame nje, tusikie. Tukasimama nje ya uwanja tumekumbatiana ndani ya koti lako, tunakula chipsi za siki, na kila watu walipopiga kelele ndani ulinitafsiria: hiyo ni kona, hiyo wamekosa, hiyo refa anazomewa. Sijui kama ulikuwa unabuni. Ikaisha bila kwa bila. Njiani kurudi ukatangaza kwamba sare ugenini ni ushindi, kwa hiyo mimi wa Uingereza nimefungwa, na aliyefungwa anapika chai.

Ndivyo ilivyoanza sheria ya nyumba yetu. Uingereza na Uholanzi wakicheza, mwenye timu iliyofungwa anakwenda jikoni, anapika chai ya maziwa na iliki, anaileta kwa mikono miwili na kusema, "Hongera, bingwa." Na bingwa ana haki ya kuirudisha mara moja: "Sukari haijakolea." Majirani wa Kisomali walituona wendawazimu. Lakini wewe chai yako ya kufungwa niliinywa mara chache mno! Uholanzi wakishinda mechi ya kirafiki, ilikuwa mechi. Wakifungwa ya kirafiki, ulijinyoosha kwenye kochi ukasema, "Aa, ya kirafiki hiyo, haihesabiwi." Historia yote ya mataifa mawili ilikuwa mikononi mwako, unaikata unavyotaka kama fundi na kitambaa. Nami nilikuwa napika chai, nacheka.

Hebu nikukumbushe moja ambayo naona umeisahau. Mwaka ule wanawake wa Uholanzi walipowafunga wanawake wa Uingereza tatu kwa bila, nusu fainali, kwao. Tulikuwa tumeshahamia Castle Vale, Salma yuko mdogo, meno ya mbele hana. Ulimweka mabegani mkazunguka sebule, kichwa chake kinakaribia kugonga taa, mnaimba Kiholanzi ambacho yeye hakielewi. Nami nilitoka zamu ya hospitali pale Edgbaston, miguu imevimba, nikasema leo nihurumieni. Ukasema, "Mechi ni mechi, Mama Salma. Chai." Nikapika. Ukairudisha. Salma akasema nawe kwa sauti moja, "Sukari haijakolea!" Siku ile alikwambia anataka kuwa beki. Ukamwambia atakuwa beki bora kuliko wote Uholanzi. Yeye alikuamini. Watoto wanaamini, hiyo ndiyo kazi yao.

Mechi ya mwisho tuliyotazama pamoja ni ile iliyochezwa Ureno, ya muda wa nyongeza, mlipotufunga tatu kwa moja. Ulimnunulia Salma jezi ya rangi ya chungwa, kubwa, ya mtu mzima. Nikasema mbona inamfika miguuni. Ukasema, "Ataikulia."

Kisha ukaenda Rotterdam kumuuguza mama yako, Mungu amrehemu. Sikukuzuia, ningekuzuiaje? Salma alikushika mguu pale mlangoni, ukachuchumaa, ukamwambia, "Uingereza na Uholanzi wakicheza tena, nitakuwa hapa kwenye kochi hili. Weka jezi safi." Mimi nilikuwa nimesimama na begi lako mkononi. Nilisikia, usije ukakana.

Mama akafariki, wewe hukurudi. Simu zikapungua. Halafu ikaja ile picha, sikutafuta, ililetwa na wale wale wanaoleta: wewe na suti, na mwanamke na maua, kwenye ngazi za ofisi ya serikali ya mji wa Rotterdam. Kumbe njia ya kwenda serikalini ulikuwa unaijua! Nilikupigia. Nikakuuliza, na mimi je? Hukupandisha sauti hata kidogo. Ukasema, "Talaka nitakutumia kwa shehe. Lakini ile yetu hatukuiandikisha. Kisheria haihesabiwi."

Nilikaa chini kwenye zulia. Ni neno lile lile, Baba Salma, na kwa sauti ile ile, kama mtu anayeondoa punje ya wali kwenye shati. Miaka yetu yote ukaitupa pamoja na zile nne kwa moja za Wembley. Na nyinyi wasichana mnaosoma hapa, ambao mnaambiwa karatasi ni ya Wazungu, nendeni mkaandikishe kabla halua haijaliwa. Anayewaambia mna haraka gani, mwulizeni yeye anachelewesha nini.

Haya. Mimi ni mtu mzima, nilifuta machozi nikaenda zamu. Ila mtoto alikuwa na ahadi yake.

Wakakutana tena Ujerumani, nusu fainali. Salma alijua kabla yangu. Alivaa jezi, mikono inampita viwiko, akasogeza mito ya kochi upande wako. Akakaa dirishani kuangalia barabara hadi mpira ukaanza. Ulipiga simu wakati wa mapumziko, ukasema nauli zimepanda, ukasema kazi. Akakwambia haina neno. Dakika ya mwisho kabisa Uingereza wakafunga la pili. Nikasikia mtaa mzima unapiga kelele, na mwanangu peke yake ameziba uso na nguo ya chungwa. Akakupigia. Ulizima simu. Nikamwambia baba yako akifungwa huwa haongei na mtu, na kwa hilo sikudanganya.

Sasa sikiliza hii, na nyinyi mnaosema nimemficha mtoto, sikilizeni pia.

Mwaka uliofuata wanawake wakakutana, kule Uswisi. Salma ni beki sasa. Kila Jumamosi asubuhi yuko uwanjani hapa Castle Vale kwenye matope hadi nyusi, na kocha wake anasema hapitiki. Jioni ya mechi akavaa jezi yako, nikashtuka: imemtosha. Mabega yamekaa sawasawa, urefu umekaa sawasawa. Amekulia ndani yake kama ulivyosema, ila wewe hukuwepo kuona. Wasichana wenzake wote wa timu ni Uingereza. Yeye peke yake Uholanzi, kwa ajili yako, na wanamtania, na anavumilia.

Uholanzi walifungwa nne kwa bila. Alitazama hadi mwisho, hakuondoka. Kisha akachukua simu. Unamjua mtoto wako, namsemesha Kiswahili ananijibu Kiingereza, kila siku, hata kuomba chumvi. Lakini nilimsikia barazani ananong'ona, anafanya mazoezi ya sentensi. Ukapokea. Akasema kwa Kiswahili safi, "Baba, tumefungwa."

Nawe ukasema, "Mechi gani?"

Nilikuwa jikoni, nikaacha sahani kwenye maji. Akakueleza. Akakutajia hata mabeki walivyokosea. Ukacheka, nilikusikia, ukasema, "Aaa, ile ya wanawake? Ile haihesabiwi, mama. Ikija ya wanaume ndiyo tutaongea."

Wewe! Wewe uliyenirudishia chai nikiwa na miguu imevimba! Ulimwambia hivyo beki. Ulimwambia hivyo mtoto aliyevaa rangi yako mbele ya mji mzima.

Hakulia. Akakuaga vizuri. Akaivua jezi, akaikunja mikono ndani, akaiweka juu ya mkono wa kochi. Kisha akaingia jikoni, akaniambia nitoke. Nikasikia masufuria. Chai ilimwagikia jiko, iliki aliiweka kama anapikia harusi. Akaniletea kwa mikono miwili. "Hongera, bingwa," akasema. Nilikunywa yote, sikuirudisha. Ilikuwa tamu mno.

Tangu hapo sijamsikia akitaja jina lako kwanza. Namtajia mimi. Naam, mimi, ninayemficha! Namwambia mpigie baba, mtumie baba picha. Mlango huu haujawahi kufungwa. Ufunguo wako bado uko kwenye msumari, kwa sababu sikutaka aje aniulize niliutupa lini.

Juzi ukanitumia ujumbe kupitia dada yako. Eti mwambie Salma, Uingereza na Uholanzi wakipangiwa tena nitakuja, aniwekee nafasi kwenye kochi. Dada yako alifurahi, akaniambia unaona, ana moyo wa baba. Nakujibu hapa mbele ya watu. Usije kwa ajili ya Uholanzi. Ukitaka kumwona mwanao, njoo Jumamosi yoyote asubuhi, simama kwenye mstari na mvua ikupige pamoja na sisi wengine, umwone anavyozuia. Ukishindwa hilo, kaa huko, wala usiwaambie watu kwamba mimi ndiye mlango uliofungwa.

Ujumbe wako nilimfikishia, maana si haki yangu kuuzuia. Alikuwa amekaa kwenye ngazi anafunga kamba za viatu. Nikamwambia baba anasema wakicheza tena atakuja. Nikatazama uso wake. Nilikuwa tayari kwa furaha yake, sikuwa tayari kwa kitakachofuata.

Hakuinua kichwa. Alikaza fundo, akajibu kwa Kiswahili, tena kwa ile lafudhi yako ya Mombasa ambayo sikujua anayo: "Akija, Mama, itakuwa ya kirafiki tu. Haihesabiwi."

Nilifungua mdomo nimkanye, asimseme baba yake hivyo. Akaweka begi begani, akanipita, akaenda kwenye mechi yake.

Mungu akuweke salama huko uliko.

Mama Salma