Kitufe cha Nne

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha polisi cha mtaa, Paysandú, Uruguay

Jina: Mirtha Bentancor. Umri: miaka 66. Kazi: mwalimu mstaafu wa kompyuta. Makazi: Fleti 4, Mtaa wa Sarandí.

Mimi ni mjane wa Hebert, aliyeandika programu inayoendesha taa na malango ya jengo letu. Kila mkazi ana rimoti. Kitufe cha nne kilikuwa changu, cha kuwasha taa ya uani. Nikifika kutoka kazini nilikibonyeza, naye akiiona taa alibandika birika la maji ya mate, ile chai yetu ya majani machungu. "Bonyeza mapema," alikuwa akisema, "usije ukaninunia kwa maji baridi."

Mnamo Alhamisi tarehe 14 Agosti, saa moja jioni, nilirudi kutoka makaburini. Ilikuwa siku yake ya kuzaliwa. Tangu afariki sikuwa nimekigusa kitufe hicho. Nilikibonyeza, taa ikawaka. Nilijua fika hakuna wa kubandika birika, lakini nilisimama pale kidogo.

Asubuhi pikipiki ya jirani yangu, Bwana Olivera, haikuwepo, na lango la gereji lilikuwa wazi. Alimvaa bawabu wetu, Wilmar: "Nani mwingine alikuwa zamu? Njia ya mwongo fupi, wewe!"

Wilmar akanigeukia. "Mwalimu, waambie! Mimi niibe pikipiki, na kuendesha kwenyewe sijui?"

Polisi wakamchukua.

Niliifungua programu ya Hebert. Mule kila kitufe kina amri zake, na mwisho wake huwekwa neno la kuisimamisha mashine. Likikosekana, mashine hupitiliza na kutekeleza amri za kitufe kinachofuata. Cha nne kilipokuwa cha mwisho, neno hilo halikuhitajika. Wiki chache kabla ya kufariki, mimi nikiwa nimeshastaafu na kitufe changu sikihitaji tena, Hebert aliongeza cha tano chini yake, cha lango la gereji lililo nyuma ya jengo, lisiloonekana kutoka uani, asikumbuke kutia neno hilo mwisho wa cha nne. Kompyuta hailalamikii kosa hilo. Wanafunzi wangu niliwaonya kila mwaka. Mume wangu sikumwonya.

Sikutaka kumtaja, maana hawezi kujitetea. Lakini mchuma janga hula na wa kwao, na wa kwake ni mimi, si Wilmar. Naomba aachiwe.

Niliyoyaeleza ndiyo niliyoyaona na kuyatenda. Nimesomewa, nikayakubali.

Saini: M. Bentancor

Maelezo ya afisa: Nilifika kwenye jengo na shahidi. Nilibonyeza kitufe cha nne: taa iliwaka, lango likafunguka. Niliagiza bawabu aachiwe. Shahidi alilitia neno lililokosekana mbele yangu, akabonyeza tena: ikawaka taa tu. Nilimshauri kitufe hicho kiondolewe, kwa kuwa sasa hakuna anayeingojea taa hiyo. Alijibu: "Kiache tu, mwanangu."

Sajini Nibia Techera