Khabari za Sabla ya Sheikh Seif

Ijumaa, 4 Juni 1965
Maskati nzima hapana mtu anayesikilizwa kama mimi. Wali, mkuu wa mji, akizungumza watu hukohoa. Mimi nikizungumza hata dele la kahawa hutuliwa chini. Leo baada ya sala, sablani kwa Sheikh Seif, kama kila Ijumaa. Ndiyo baraza ya wanaume wa huku. Ukishakaa unaulizwa, "Khabari?" Wenyeji hujibu hapana khabari, basi, wakapokea kikombe. Mimi siku ya mwanzo, mgeni natoka Unguja, nlidhani naulizwa kweli. Nikawapa. Khabari ya jemedari wa Waberberi, mtoto wa kadhi, aliyewavunja Wahispania milimani kwa bunduki alizowanyang'anya wenyewe. Na mimi, mpishi wa meli, ndiye niliyemshikia kamba aliposhuka Misri akitoka uhamishoni. Tangu hapo kila Ijumaa wanataka kipande.

Jumatatu, 7 Juni
Joto. Dada Khadija kanishika kwenye chai.
"Kaka, neno la Sheikh kwa Wali halirudi. Mwombe ruhusa Zuwena aingie huku. Mwaka wa pili huu mkeo yuko Unguja peke yake, wewe unatuhadithia Waberberi!"
Nikamwambia mambo makubwa yana wakati wake. Akasonya.
Ijumaa ntasema.

Ijumaa, 11 Juni
Nimekwenda na jina la Zuwena mdomoni. "Khabari?" Macho yote kwangu. Nikaanza na sumu. Dola mbili za Kizungu zimemshindwa kwa mizinga, zikamwaga sumu kwa ndege, juu ya masoko. Jemedari akajisalimisha watu wake wasimalizike. Mzee mmoja alilia. Nikaongeza ndege niliyoiangusha mwenyewe.
"Ulikuwa na miaka mingapi?" Sheikh Seif kauliza.
"Kumi. Lakini mwili mkubwa."
Wakacheka mpaka kahawa ikamwagika. Halwa nimepewa mwanzo mimi. Zuwena sikumtaja. Ijumaa ijayo.

Jumatano, 16 Juni
Kaja mtu wa Qurayyat, karudi juzi kutoka Unguja. Zuwena kafa. Homa. Majirani wamemzika. Mtu mwenyewe alikuwa na haraka.
Khadija analia chumba cha pili. Mimi nimekula wali, samaki, ndimu. Nimekata kucha. Sihisi kitu.
Ningesema Ijumaa iliyopita asingewahi, najua. Ningesema Ramadhani, angekuwa hapa.

Ijumaa, 18 Juni
Nimemwambia Khadija tusitangaze tanga bado. Nikenda sablani.
"Khabari?"
"Hapana khabari."
Sheikh Seif akajipiga paja. "Alhamdulillahi! Leo Mzanzibari wetu kawa Mwomani!"
Kicheko. Nikapokea kikombe. Wakataka jemedari, nikawapa mwisho wake. Kafia Misri, kazikwa huko huko. Milima yake hakuiona tena. Maneno machache. Hapana aliyelia. Wala mimi.

Jumapili, 20 Juni
Upepo wa moto. Khadija kafua mashuka. Kesho ntamwambia Sheikh.
Kamba sikuishika. Jemedari aliposhuka nlikuwa chini, chooni, tumbo linaniendesha. Maharage niliyoyapika mwenyewe. Nlisikia makelele tu huko juu.
Zuwena peke yake ndiye aliyejua. Alikuwa akiniacha nimalize hadithi mbele ya wageni, mpaka waondoke wote, halafu anakusanya vikombe, hanitazami:
"Na yale maharage, mume wangu, mbona huyataji?"