Chumba Kisicho na Mvuke

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, wewe na shemeji na watoto. Natumaini goti limepoa na kwamba siku hizi unapanda ngazi bila kulalamika, ingawa najua kulalamika nako kunakusaidia. Mimi huku mwili hauna neno. Moyo ndio haujatulia, na ndiyo maana umepata barua badala ya simu. Wiki hii nimekupigia mara kadhaa nikiwa nimejiandaa kusema, na kila mara ukaanza kwa kuniuliza kama nimekula. Nikaishiwa nguvu, tukaishia kuzungumzia hali ya hewa. Kwenye karatasi huwezi kunikatiza. Jambo lenyewe linahusu chumba chenu cha ushonaji, basi kaa chini kwanza.

Shangazi alinipigia juzi kuuliza tena ninasomea nini hasa, maana kila akiwaeleza majirani anachanganya mambo. Nikamwambia ni shahada ya uzamili yenye mambo matatu ndani yake: kuendesha biashara, kudhibiti gharama, na mifumo ya kompyuta inayobeba taarifa za hayo yote. Akauliza, sasa huyo ni meneja, mhasibu au fundi kompyuta? Nikamjibu kwamba ni mtu anayejua kompyuta kiasi cha kumpa meneja habari mbaya mapema. Alicheka sana. Mimi sikucheka, kwa kuwa habari yenyewe nilikuwa nayo mezani.

Unakumbuka ulivyonitafutia nafasi hapo kwenye kiwanda chenu cha kufulia. Ulimfuata meneja ofisini sindano ikiwa bado imechomekwa kwenye kola, ukamwambia mdogo wako anahitaji mahali pa kufanyia utafiti wake wa mwisho. Akakubali, na akataka nimtengenezee mfumo wa kumwonyesha kila chumba kinatumia nini na kinaingiza nini, kuanzia kufua na kupiga pasi hadi kwenu mnakotia viraka. Kila shuka la hospitali na kila taulo la hoteli likashonewa kitambulisho kidogo kinachosomwa na kompyuta, tena mkashona ninyi wenyewe, mkinitania kwamba Bi Mkaguzi amerudi. Jina hilo ulinipa wewe, enzi zile nilipokuwa nikipanga vikombe vya juisi kwenye mstari nihakikishe hakuna aliyependelewa.

Mfumo ulipoanza kutoa matokeo, chumba chenu peke yake kilitokea chekundu. Maana yake kinaleta hasara: kununua mashuka mapya ni nafuu kuliko kuyashona ya zamani. Meneja aliona, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba kikibaki chekundu mpaka mwisho wa utafiti atakifunga. Siku hiyo hiyo nilikuja kwenu na kikombe changu cha chai, nikakusikia ukiwaambia wenzako wanne waachane na uvumi, kwamba mtoto wenu yuko huko juu na hakuna litakalowapata. Nilirudi ghorofani bila kuingia.

Tangu hapo nilitafuta kosa langu kama mtu aliyepoteza funguo. Nililipata siku niliyokuja kukaa kwenye kigoda chako chenye mto. Katika vyumba vyote vya pale miwani yangu huingia ukungu, lakini kwenu niliona hadi uzi ulioanguka sakafuni. Hamtumii mvuke hata kidogo, nami gharama za boila inayochemsha mvuke huo nilikuwa nimezigawa kwa ukubwa wa vyumba, nikawabebesha mzigo usio wenu. Nilipanda mbio nikarekebisha. Hasara ilipungua, Dada, ilipungua sana. Lakini haikwisha.

Wa kulaumiwa si ninyi. Vitambulisho vinaonyesha shuka mlilotia kiraka likirudi kwenu baada ya kufuliwa mara chache tu, limechanika pembeni ya kiraka, kwenye kitambaa chenyewe. Uliwahi kusema kwamba siku hizi hospitali wanaleta vitambaa vya kuchujia chai, sote tukacheka.

Basi nikuambie yote. Alasiri moja chumba cha kompyuta kilikuwa kitupu, nikayaondoa kwenye hesabu mashuka yote yaliyorudi mara ya pili. Chumba chenu kikageuka kijani. Nilikaa nikikitazama, nikijiambia kwamba hakuna atakayejua. Kisha nikawaza siku meneja atakapogundua kwamba kuna mashuka yamefichwa, na kwamba wa kwanza kuitwa ofisini utakuwa wewe. Nikarudisha kila kitu mahali pake. Mwalimu wangu msimamizi alinitaka niandike katika ukurasa wa kwanza kabisa kwamba mkuu wa chumba hicho ni dada yangu, nami nikaandika. Ripoti nimeshaikabidhi, na inasema chumba kifungwe. Nimeomba ninyi watano mhamishiwe kwenye ukaguzi wa nguo zinapopokelewa. Meneja amesema tutaona. Unaijua tutaona yake, ndiyo ile ile ya feni mliyoomba na mpaka leo haijaja.

Sasa nifike kwenye sababu ya barua hii. Mtatangaziwa Alhamisi. Niliweka sahihi kwamba sitamwambia mtu yeyote kabla ya hapo, na chuo kikijua nimesema, shahada naweza kuikosa. Takwimu nimeziacha kama zilivyo, lakini ahadi nimeivunja, kwa sababu katika simu ya juzi ulinieleza kwa furaha kwamba umemshawishi yule mwenzenu mjamzito asiende kwenye usaili wa Jumatano, kule kwenye kiwanda cha sare za shule. Ulisema ana kazi tayari, ya nini kuhangaika. Nikakuuliza habari za mvua, huku nikisikia aibu mpaka masikioni.

Mwambie aende. Waambie wote. Meneja atauliza mmejuaje, na wa kushukiwa ni mimi tu, hakuna mwingine. Nimeliwaza hilo usiku na mchana, naogopa sana, na barua naituma hivyo hivyo, ikufikie kabla ya Jumatano. Wenzako nao wakikuuliza umejuaje, usiwaambie ni uvumi. Waambie ni mtoto wao wa huko juu, na kwamba ndiye aliyeandika chumba kifungwe.

Nisalimie shemeji, na watoto wabusu mmoja mmoja wasije wakagombana. Mama usimweleze kwanza, nitamweleza mwenyewe. Sijui kama utanipigia ukishasoma haya. Ukipiga, nigombeze utakavyo, ila anza na lile swali lako la siku zote. Bado sijala.

Mdogo wako,
Bi Mkaguzi