Mtani Wangu Kahamia Rukwa

Jumanne, 11 Juni 1996

Maige kaondoka leo. Ng'ombe wote, mbuzi, wake wawili, kuku kwenye matenga. Wanaelekea Rukwa. Anasema huko majani yanamfika mtu kiunoni. Vumbi la mifugo yake lilikaa hewani mpaka mchana.

Nimefurahi. Naandika hapa kwa sababu hakuna atakayesoma — nimefurahi sana! Miaka tisa mimi ni mwenyekiti wa kijiji hiki, na miaka tisa sijamaliza sentensi moja mbele ya mtu yule. Ni mtani wangu wa ukoo, na mtani hashitakiwi. Mara moja alisimama mbele ya mkuu wa wilaya akasema: mwenyekiti wetu ana kichwa kizuri sana, bahati mbaya kazi yake ni kubebea kofia. Mkuu wa wilaya alicheka hadi akatoa leso. Nami nikacheka. Ningefanyaje?

Asubuhi alipita kuniaga. Akasema nikisikia amefia huko, nisithubutu kwenda msibani, maana nitahutubia. Basi. Akachukua fimbo yake akaenda.

Kijiji kitapumua sasa.

Alhamisi, 20 Juni

Kikao cha kwanza cha halmashauri ya kijiji bila Maige. Raha iliyoje! Ajenda zote zimepita kabla chai haijapoa. Shija, ofisa mtendaji wetu, anasema hajawahi kuandika muhtasari mfupi namna hii tangu aajiriwe.

Nimerudi nyumbani mapema. Mke wangu Benedikta akauliza kama naumwa.

Jumapili, 7 Julai

Nimetoka misani nikamkuta mgeni uani. Kijana anaitwa Method, wa kampuni ya pamba, moja ya hizi mpya. Zamani pamba yetu ilikuwa na mnunuzi mmoja tu, chama cha ushirika. Siku hizi kila mti una mzani wake. Hii diary ninayoandikia ni ya kampuni yake, walinipa Januari. Kurasa za mwanzo zote tupu, nilikuwa sina la kuandika. Jioni zangu zote ziliishia kubishana na Maige!

Method ana wazo. Tuna ngitili ya kijiji, bonde lote lile kuelekea njia ya Nkoma. Tunalifunga mvua zikianza, hakuna kuchunga, ili kiangazi kikibana ng'ombe wapate majani. Yeye anaona ardhi imelala. Kampuni italeta trekta, italima bonde zima, kila kaya ipewe kipande ipande pamba. Mbegu na dawa juu yao. Na darasa moja la bati kwa shule yetu.

Aliniita mheshimiwa. Mara nyingi. Benedikta alikuwa jikoni, nilitamani angesikia.

Jumatano, 17 Julai

Mkutano wa kijiji umepitisha. Kwa kauli moja! Nilieleza vizuri, hata mimi nilijisikia. Nikauliza: kuna mwenye swali? Macho yangu yakaenda yenyewe pale ukutani, kwenye kivuli cha ofisi, Maige anapoegemeaga baiskeli yake. Alikuwa amekaa mbuzi wa mtu.

Nikasubiri kidogo. Sijui nilisubiri nini. Kisha makofi.

Nilitegemea kufurahi. Ushindi wenyewe umekuwa kama ugali mkavu. Unashiba, lakini huwezi kusema umekula.

Ijumaa, 2 Agosti

Nimefanya ujinga leo, na sijutii.

Kwenye halmashauri nilikuwa naongea habari za josho la kuogeshea ng'ombe, la zamani limepasuka. Wote wananiangalia, wanatikisa vichwa kukubali. Nikasema moyoni, ngoja. Nikasema kwa sauti: napendekeza josho jipya tulijenge juu ya mlima.

Juu ya mlima! Hakuna tone la maji kule. Hata mbuzi wakipanda wanashuka wanachechemea. Nikasubiri mtu acheke.

Wakapiga makofi.

Shija akaandika. Halafu akaongeza yake, kwamba kule hewa ni nzuri, mifugo itapata afya. Mzee mmoja akashukuru, wabeja, mwenyekiti, wabeja sana, unaona mbali. Jamani! Ninaona mbali!

Nimesema tutaliangalia tena.  Sasa najua makofi ya tarehe kumi na saba Julai, ya ngitili, yalikuwa ya namna hii.

Jumamosi, 3 Agosti

Nimemuuliza Benedikta: ile habari ya ngitili, wewe uliionaje?

"Uliniuliza?"

Nikasema nauliza sasa. Akaendelea kuchambua mchicha. Akasema hakuipenda tangu siku ya kwanza. Kwa nini hukusema, basi? Akaniangalia kama namuuliza kwa nini jua linachomoza.

"Kusema ilikuwa kazi ya Maige. Sisi wote tulikuwa na Maige. Mtu ukiwa na neno, unampelekea kupitia wakeze, na mkutanoni unalisikia likitoka."

Kwa hiyo miaka tisa nilikuwa nabishana na kijiji kizima, nami nadhani nabishana na mtu mmoja mwenye mdomo mchafu.

Sikula vizuri.

Jumapili, 11 Agosti

Nimepita kwenye mji wa Maige, pale alipokuwa anaishi. Nilijidanganya kwamba nakagua mpaka. Mihale, miti ya uzio wake, imeanza kulala. Zizini mbolea imekauka, inapasuka. Pale alipokuwa anaota moto na wanawe jioni pamebaki mawe na jivu la siku ya mwisho. Nimekaa kwenye jiwe lake. Mtu mzima mimi, mwenyekiti, nimekaa kwenye jiwe la mtu aliyehama.

Nimemkumbuka. Naandika hivyo hivyo: nimemkumbuka Maige. Sauti yake, ile ya kikohozi kabla hajanivuruga. Nikiwa naandaa hotuba nilikuwa najiuliza, hapa atanikamata wapi? Nilikuwa naibomoa hotuba mara mbili kabla sijaenda. Sasa siandai chochote. Naenda, nafungua mdomo, wanapiga makofi.

Nikatoka pale nikashuka hadi kwenye ngitili. Majani yamekauka vizuri, yamesimama, ng'ombe wachache wa majirani wameanza kuingizwa upande wa juu. Ndipo ikanijia. Maige kahama kwa kukosa majani. Aliniambia mwenyewe, kwa kinywa chake. Mtu kahama kwa kukosa majani, na sisi tumekubaliana kulima yaliyobaki! Mtoto wa darasa la pili angeliona hilo. Nilikuwa wapi?

Nilikuwa naitwa mheshimiwa.

Jumatano, 14 Agosti

Marcelo, mfanyabiashara wa ng'ombe, anakwenda Rukwa. Nimempa salamu ampelekee Maige. Nilianza kusema kijiji kinamhitaji. Nikajirekebisha. Nikasema mwambie mimi ndiye ninayemhitaji. Nimeyumba. Mueleze habari ya trekta. Kama hawezi kuja, basi anitukane tu, popote alipo, tusi moja la nguvu, uniletee kama lilivyo. Usilipunguze.

Marcelo alicheka. Sikucheka.

Jumanne, 27 Agosti

Method kaja. Trekta mwisho wa Septemba. Nimemwambia mkutano utakaa upya. Akashangaa. Wananchi si walishapitisha, mheshimiwa? Nikamjibu wananchi wangu wamepitisha pia josho mlimani. Hakuelewa. Akasema tukichelewa, dili linahamia kijiji kingine.

Asiyekuwepo na lake halipo, husema watu. Mimi nasema uongo. Hayupo, na lake ndilo linaninyima raha.

Jumatatu, 16 Septemba

Marcelo karudi. Nilimfuata kwake kabla hajatua mzigo. Haya, tusi langu liko wapi?

Akababaika. Akasema Maige yupo, ng'ombe wachache wamekufa njiani, waliobaki wazima. Ujumbe wangu aliusikia wote.  Kisha Maige akamjibu: mpe mwenyekiti shikamoo yangu. Mwambie ninamheshimu, na yeye ndiye anayejua lililo jema kwa kijiji.

Nikasema rudia. Akarudia hivyo hivyo.

Heshima! Maige! Na ni mkubwa kwangu — ananiamkia mimi!

Nikamuuliza Marcelo, huko wanamtendaje? Akasema huko ni mgeni. Wenyeji hawawataki watu wenye ng'ombe wengi, kila siku wanatajwa kwenye mikutano. Maige naye huenda. Anakaa nyuma kabisa. Haongei. Wenzake wakipiga makofi, naye anapiga.

Nimerudi nyumbani kwa miguu, baiskeli nikiikokota tu. Benedikta kaniuliza kulikoni. Nililia. Ni bora angekufa akiwa na mdomo wake. Hapana, Mungu anisamehe, sikuandika hivyo. Arudi tu. Arudi hata bila ng'ombe, nimgawie wangu.

Jumanne, 17 Septemba

Hatarudi. Nimelala na hilo, nimeamka nalo.

Alhamisi, 26 Septemba

Trekta limefika. Jekundu. Limeegeshwa ukingoni mwa ngitili na watoto wamelipanda lote. Dereva amepewa chumba kwa Shija.

Nimetangaza dagashida Jumamosi. Si mkutano wa ofisi — dagashida, ule wa wazee wetu, kila mtu anakuja, wanawake, vijana, asiye na mali, na kila mtu ana neno. Shija hakupenda. Anasema utaratibu hauko hivyo, itamletea shida ya muhtasari. Nikamwambia tuna shida kubwa kuliko muhtasari.

Hotuba nimeiandaa. Nimeibomoa mara mbili. Nitawaambia wazi: nilikosea, ngitili isilimwe. Naisoma na kuiona tamu. Laiti Maige angekuwepo!

Jumamosi, 28 Septemba

Mapumziko. Naandika nyuma ya ofisi, diary iko gotini. Watu wamejaa hadi barabarani. Niandike haraka.

Nimesema yote. Nilikosea. Sikufikiri, nilipenda kuitwa majina makubwa. Aliyehama kahama kwa kukosa majani, tusilime yaliyobaki. Yakafuata makofi — makubwa kuliko ya Julai! Hao hao! Mikono ile ile! Julai lilimwe, makofi. Septemba lisilimwe, makofi. Nikakata tamaa pale pale, nimesimama.

Nikauliza hata hivyo. Kuna mwenye neno?

Akasimama Nyanjige. Mjane, anaishi mwisho wa kijiji, anapalilia mashamba ya watu. Katika uongozi wangu wote sijawahi kusikia sauti yake. Alianza kwa Kiswahili, kikawa kinamkwama, anatafuta neno, watu wanacheka pembeni.

"Mwenyekiti, wewe ng'ombe unao?"

Ninao.

"Mimi sina hata mkia. Hiyo ngitili mnayosema ya kijiji, mimi nakula nini humo? Ninakata nyasi za paa, mwenye ng'ombe ananifukuza. Trekta likilima, nitapata shamba. La kwanza. La kwangu. Julai nilipiga makofi kwa sababu nilifurahi, siyo kwa kukuogopa. Leo unasema ulikosea. Ulikosea kwa nani?"

 Mtu mmoja akamwambia kaa chini, mayu, mama yetu. Hakukaa.

Damu ilinipanda. Naandika ukweli. Wiki saba nimeomba mtu mmoja wa kunipinga, na alipopatikana nilitaka akae chini! Nilimtamani Maige, lakini nilimtamani awe upande wangu. Nilikuja na jibu langu jipya nimelishika kwa mikono miwili, nikadhani huo ndio unyenyekevu. Na hili la Nyanjige hata Maige asingelisema. Naye alikuwa na ng'ombe.

Nimesema tupumzike.

Shija amenifuata hapa. Ananong'ona: mwenyekiti, funga mjadala, wengi wako nawe, uliza tu wanaokubali, wataitikia, tumemaliza. Ni kweli. Wataitikia. Nikiwauliza kama jua linatoka Maswa, kule linakotua, wataitikia.

Method naye kasimama kule na dereva, anaangalia saa. Trekta limewashwa, sijui kwa amri ya nani.

Nifanyeje? Majani yakilimwa, kiangazi kijacho tutawasindikiza wengine Rukwa, wakapige makofi huko. Majani yakibaki, yule mama anarudi kupalilia kwangu — kwangu, maana mwaka huu alinipalilia mimi. Nimefikiri kumpa yeye ukingo wa bonde. Lakini wako wangapi kama yeye? Sijui. Mwenyekiti wa miaka tisa, sijui kijijini mwangu nani hana ng'ombe.

Rimu, kengele yetu ya mkutano, linagongwa, wanaita. Nimemwambia Shija asifunge chochote. Nyanjige aanze upya, tangu mwanzo, kwa Kisukuma, asihangaike na Kiswahili. Na wasio na ng'ombe waje wakae mbele.

 Naenda kukaa, nimsikilize.