Askari wa Bega la Kushoto

Karakana ya Rangi,
S.L.P. 61,
Eldoret.
14 Septemba 1947

Mpendwa kaka Wamalwa,

Pokea salamu zangu kutoka huku kwenye baridi. U hali gani na hilo joto la Magadi? Kifua kimepona, au bado unakohoa ule unga wa magadi? Sisi tu wazima. Mvua haijakatika, mahindi yanaelekea kukomaa, na mimi bado napaka rangi malori na mabango ya maduka. Fundi mkuu ananisifu sana siku hizi, nadhani kwa sababu sifa hazimgharimu kitu.

Nimepata kazi ambayo ukiisikia utacheka. Kuna mzungu mmoja wa njia ya Turbo, sisi tunamwita Kepteni, na jirani yake ni mzee wa Kikaburu. Kila Jumamosi wazee hao wawili wanapigana upya vita vyao vya Afrika Kusini juu ya meza ya kulia chakula. Vitabu ndivyo vilima, kitambaa cha kijani ndiyo majani, na majeshi yao ni visanamu vya madini ya risasi, urefu wa kidole. Mpishi aliniambia kwamba juzi Kaburu alishindwa, akaenda zake bila kunywa chai. Watu wazima, kaka.

Kepteni alinunua sanduku zima la askari hao kwenye mnada, mzungu mwingine alipouza shamba akarudi kwao. Walikuwa katika hali mbaya. Rangi imebambuka, wengine hawana vichwa, wengine hawana mikono. Akaniletea niwafufue. Niliwaloweka katika maji ya moto yenye magadi, pengine uliyoyachimba wewe mwenyewe, nikawasugua mpaka rangi ya zamani ikatoka. Kichwa kilichokatika nakishikiza kwa kipande cha njiti ya kiberiti ndani ya shingo. Mkono nauchomea kwa lehemu. Halafu naweka rangi nyeupe chini, na juu yake rangi yenyewe, kwa brashi niliyoitengeneza kwa manyoya ya sikio la ndama. Sijisifu, lakini hata vifungo vya makoti vinaonekana.

Ila mmoja nilimharibu. Mkono wenye bunduki niliuchomea upande wa kushoto, wakati wenzake wote wamebeba bega la kulia. Sikugundua mpaka Kepteni alipowapanga mstari. Akamchomoa kwa vidole viwili na kusema, "Hii mbaya kabisa. Mimi hapana taka." Nikampokea. Nani angekosea hivyo, kama si mtu aliyekua akitembea nyuma ya Walubengo? Wewe unamjua ndugu yetu. Hakuna kitu alichobeba kwa kulia, na mwalimu alimchapa mpaka akachoka yeye.

Nilikaa na yule askari. Nilimpaka upya, nguo za kaki za jeshi la K.A.R., na kofia pana nikaijenga kwa lehemu, kama ile aliyovaa Walubengo siku alipotuaga kwenda vitani Burma. Uso nikaupaka rangi yetu. Nilipomaliza nililia, wala sioni haya kukuambia. Hatuna hata picha yake moja.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Tangu serikali ituarifu kwamba Walubengo alifia huko, Baba mdogo Kituyi anataka tuzike mgomba mahali pa mwili, kama tunavyomfanyia mtu aliyepotelea mbali. Bila kaburi, mkewe Tryphosa hawezi kunyolewa nywele za msiba wala kuanza maisha mengine, na kilio hakina mwisho. Lakini jibu la Mama unalijua, "Mimi sikuzaa mgomba." Hata mchungaji alishindwa naye.

Mwezi uliopita nilikwenda nyumbani Kimilili nikiwa na askari yule mfukoni. Niliogopa Mama atanifukuza. Mama alimweka kiganjani, akamgeuzageuza, kisha akaupapasa ule mkono. Tryphosa akaacha kupepeta wimbi. Mama akasema, "Huyu ni yeye."

Baba mdogo aliuliza polepole kama tunaweza kuupasua mgomba, tumlaze ndani yake. Mama alikubali, lakini kwa sharti. "Hiyo bunduki toa. Hawezi kulala nayo."

Kaka, nilikasirika kidogo. Ile bunduki ndiyo iliyonichosha kuliko vyote, hata mkanda wake niliupaka. Lakini ungembishia Mama? Niliikwangua kwa tupa hadi ikaisha. Ngumi imebaki pale begani, haina kitu. Mama akamtazama tena, akasema, "Sasa ametoka shamba. Jembe ameshaweka nyuma ya mlango." Akaenda kupika, nasi tukaelewa kwamba maneno yamekwisha.

Kwa hiyo tunakungoja wewe, mkubwa wetu, maana udongo wa kwanza ni wako. Omba ruhusa ya Desemba, mahindi yakishavunwa. Na usituletee habari za treni kuchelewa kama wakati wa arusi yangu.

Nisalimie shemeji Nasambu na watoto, na rafiki yetu Murunga kama bado mnakaa naye nyumba moja. Tryphosa na Baba mdogo wanakusalimu sana. Mungu akutulize kifua na kukufungulia njia ya kuja nyumbani.

Usihangaike kubeba jembe. La Walubengo bado liko nyuma ya mlango, na Mama amesema ndilo utakalochimbia.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Wasike