Kinga Imezidi

Anande, pokea simu basi! Nimejifungia chooni kwa mama mkwe hapa Lemara.

Majibu ya kile kipimo cha kizazi yametoka. Daktari kasema kinga ya mwili imezidi humo ndani, labda inaifukuza mimba kama mwizi. Labda ndiyo maana zile mimba mbili za maabara walizonipandikiza hazikushika. Labda tu, hata wao hawana uhakika.

Abdiel akampigia mama yake palepale: "Mama, tatizo ni kinga."

Kinga! Sasa nimefika hapa, naamkia shikamoo, haitikii. "Sisi tunakuombea kanisani, kumbe wewe binti unatumia kinga!"

Mimi, Anande. Kinga!

Nikamwangalia Abdiel amweleweshe. Si alikuwepo kwa daktari? Alikaa na mimi, akasikia yote. Unajua kasema nini? "Hebu mwonyeshe mama mkono, aone kama huna kijiti cha uzazi wa mpango."

Mume wangu huyo.

Nikapandisha mkono wa gauni. Wakanipapasa wote wawili.

Imebaki mimba moja tu kule maabara kwenye barafu, na bila sahihi ya Abdiel hawaipandikizi. Ningekataaje?