Nukta Pacha Niliyoisahau

Jumatatu, 4 Machi
Leo nimejiona mjanja kweli. Nimeweka programu mpya kwenye seva ya ofisi, na kurasa zake za mwongozo. Ili amri ya man, inayofungua miongozo, izipate, nikaongeza mstari mmoja wa MANPATH—orodha ya mahali pa kutafutia miongozo—kwenye faili ambalo seva hulisoma kila mtu anapoingia. Nikajaribu. Mwongozo ukafunguka! Nikatoka kifua mbele.

Jumanne, 5 Machi
Balaa. Kila anayeandika man, hata kwa amri ya kitoto kama ls, ya kuorodhesha mafaili, anajibiwa hakuna mwongozo. Na mimi ndiye niliyebandika ukutani: SOMA MWONGOZO KABLA YA KUNIULIZA. Basi wanakuja kuniuliza, mmoja mmoja, kwa adabu ya kejeli.

Dada wa hifadhi, anayesafisha mafaili ya zamani, aliingia kwenye seva jana. Mbele ya mkuu wetu nikasema lazima ni yeye kafuta miongozo. Akajibu taratibu: kaka, sijagusa kitu, hebu angalia vizuri. Nikamwambia nina miaka kumi na miwili kwenye kazi hii. Kumi na miwili!

Jumatano, 6 Machi
Kurasa zote zipo. Hazijafutwa, zimekaa zinanitazama. Nimewasha seva upya. Mara mbili. Nimepuliza hata vumbi. Mke wangu kauliza kama nimesoma mwongozo. Nikazima taa.

Dada wa hifadhi kanyang'anywa ruhusa ya seva. Mchana kala peke yake.

Alhamisi, 7 Machi
Ni mimi.

MANPATH yangu! Ukiiandika hivi hivi, mashine inasahau mahali pake pa kawaida, inatafuta pale tu ulipoielekeza. Ilitakiwa nukta pacha (:) mwanzoni, iongeze badala ya kufuta. Nimeiweka, nikatoka, nikaingia tena—man ls, hiyo hapo! Chumba kizima makofi. Fundi wetu! Nikainamisha kichwa. Wakadhani ni unyenyekevu.

Mkuu anataka ripoti: yule dada alifuta nini? Nimeandika "hitilafu ilijitokeza". Nimefuta. "Kosa la mfumo". Mfumo gani, mnafiki we! Nimefuta.

Dada wa hifadhi anahamishiwa chumba cha majalada ya karatasi leo hii. Kaniomba boksi tupu. Nimempa, tena nimemsaidia kupanga vikombe vyake—muungwana mimi!—na mdomo bado umegoma. Kanishukuru.

Naandika haya daftari likiwa kando ya kibodi. Mkuu katoka ofisini, anakuja huku. Dada naye yuko mlangoni, kakumbatia boksi. Mkuu anasema haya, tuambie. Nimesimama, kalamu bado mkononi, nasema: ni mimi—